Kabureta ya Mutuma

Tulipomzika Mutuma kule Kangeta mwaka jana, yule aliyeshika kipaza sauti aliwaita watu kwa makundi waje wapigwe picha kando ya jeneza. Waliitwa watoto, wakaitwa wajukuu, wakwe, walimu aliofundisha nao, watu wa kanisa, majirani, hata waliosoma naye darasa moja. Kila kundi lilipoitwa niliinuka kidogo kutoka kwenye kiti cha plastiki, nikafikiri, nikakaa tena. Msichana aliyekuwa karibu nami akaniuliza kwa heshima ya mjukuu kwa bibi yake, “Shosho, wewe uko group gani?” Nikamwambia nangoja kuitwa. Makundi yakaisha, jeneza likabebwa, nami nilikuwa bado nangoja. Wawira, mjane wake, alinishika mkono muda mrefu, kisha akapokelewa na wengine. Nilirudi nyumbani Nkubu nimekasirika, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nililibeba swali kama la yule msichana kuanzia Januari hadi Desemba, na jibu nililopata mwishoni silielewi vizuri hadi leo.

Mwaka huo kahawa ilikuwa imepanda bei, na Nkubu ikajaa magari ya watu ambao mwaka uliotangulia walienda kanisani kwa miguu. Gereji ya Baba Kinoti ilikuwa nyuma ya hoteli ya Mama Makena. Kati ya gereji na jiko hapakuwa na ukuta bali mbao zilizopigiliwa ovyo, kiasi kwamba ukiinamia injini ulisikia kila neno lililosemwa juu ya sufuria, na ukichelewa kunawa ulinusa vitunguu ukatamani kulia kwa njaa. Mimi niliajiriwa kuandika majina ya wateja na magonjwa ya magari yao. Lakini Baba Kinoti alikuwa na vidole vinene kama ndizi, na vile vipande vidogo vya ndani ya kabureta vilikuwa vikimponyoka na kupotelea kwenye majivu na mafuta sakafuni. Siku moja alitupa bisibisi akasema, “Mwari, lete hiyo vidole yako hapa. Hii kitu imenishinda.” Kuanzia siku hiyo kabureta zote zikawa zangu, na daftari la wateja akapewa yeyote aliyekuwa na mikono safi.

Kwa asiyejua, kabureta ndiyo inayokaa juu ya injini na kuchanganya petroli na hewa. Petroli ikizidi, gari hutoa moshi mweusi na kukohoa. Hewa ikizidi, gari huchemka na kugonga kana kwamba kuna mtu ndani anapiga bati. Petroli hupimwa na kipande kidogo cha shaba chenye tundu, tunachokiita jeti, na tundu hilo likiwa kubwa au dogo kwa unywele mmoja tu, gari zima hubadilika tabia. Fundi hutafuta mahali pa katikati, na mahali hapo hapaonekani kwa macho. Unasikiliza, unanusa, kisha unafungua plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini, na kusoma rangi yake: nyeusi ni petroli nyingi, nyeupe ni hewa nyingi, na ikiwa kahawia kama biskuti unashukuru Mungu unaenda kunywa chai. Nilikuwa hodari wa kusoma plagi. Watu nilikuwa siwasomi vizuri, na nasema hivyo bila unyenyekevu wowote wa uongo.

Mutuma alikuja Jumamosi moja ya Januari na gari la Kimarekani la milango miwili, silinda nane, rangi ya buluu iliyochujuka, alilolinunua kwa mzungu wa ngano aliyekuwa akifunga virago Timau. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kangeta, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kumaliza sentensi zake kwa kutazama mbali. Gari lilikuwa refu hata mkia wake ulibaki nje ya lango la gereji. Kabureta iliyokuja nalo ilikuwa na midomo minne, na midomo yote minne ilikuwa milevi. Kila akipanda mlima petroli ilifurika, moshi ukatanda, na akina mama wa sokoni wakamtukana kwa Kimeru kizuri sana.

“Hii ni ng’ombe ya kizungu,” Baba Kinoti akasema akiizunguka. “Inataka kulishwa na watu watatu.”

“Lakini Mzee, umesikia sauti yake?”

“Nimesikia. Hata tumbo yangu imesikia.”

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuifufua ile ya midomo minne kwa spea ambazo zingetafutwa Nairobi, labda zisipatikane. Ya pili ilikuwa kuiweka kando na kumfungia ya midomo miwili niliyoivua kwenye lori lililokufa, gari lipoteze ngurumo lakini lipate adabu. Baba Kinoti alitaka ya lori. Mutuma alitaka ngurumo. Walipochoka kubishana, Mutuma alinigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na kitambaa mkononi, akauliza, “Na wewe unaonaje?” Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ile ya minne ni ya mtu mwenye duka la spea nyuma ya nyumba yake. Akacheka, akasema, “Basi weka ile unaona wewe.” Niliyachukua maneno hayo nikaenda nayo chumbani kwangu, nikalala nayo, nikaamka nayo. Wasichana wengine waliambiwa maneno matamu kuliko hayo wakayasahau kabla ya chakula cha jioni. Mimi nilipewa hayo tu, nikayala mwaka mzima.

Nilitengeneza sahani ya chuma ya kuikalisha kabureta ndogo mahali pa kubwa, nikaziba matundu ya jeti kwa risasi ya kuchomelea, kisha nikayatoboa upya kwa waya mwembamba, madogo zaidi, kwa sababu huku kwetu milimani gari hulewa upesi. Nilifanya kazi hiyo siku nne. Gari lilipowaka lilitulia likinong’ona, na plagi zikatoka rangi ya biskuti zote nane. Mutuma alisimama kando yangu akisikiliza, ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na sitajifanya kwamba yote ilikuwa ya kabureta.

Baada ya wiki mbili akarudi. Gari lilikuwa linachemka na kugonga, na nilipofungua plagi zilikuwa nyeupe kama chaki. Sikuelewa. Nikarekebisha, likapona. Akaenda, wiki mbili zikapita, akarudi tena Jumamosi saa nne, plagi nyeupe. Ikawa ndiyo ratiba yetu. Aliniambia anateremka Embu Ijumaa baada ya masomo, kwa mambo ya walimu, halafu anarudi kesho yake akipitia kwetu. Nami niliamini, kwani nani angedanganya kuhusu mambo ya walimu, hakuna kitu kinachochosha kuliko hicho. Nilipokuwa nikifanya kazi, aliagiza sahani mbili za nkima kwa Mama Makena, ndizi na viazi vilivyopondwa pamoja na mboga, na nyama kidogo pembeni. Tulikula tumesimama, sahani zimewekwa juu ya boneti la gari jingine. Aliokota nyama kwenye sahani yake akaziweka kwenye yangu huku akiendelea kunieleza habari za mtoto fulani wa darasa la tatu aliyeshindwa na kugawanya. Siku moja aliniletea kipande cha sabuni ya kufulia kilichofungwa kwenye gazeti, kwa ajili ya mikono yangu. Zawadi gani hiyo? Ya mpenzi, ya ndugu, au ya mteja anayeogopa alama za mafuta kwenye usukani wake? Niliigeuza ile sabuni siku nyingi kabla ya kuilowesha.

Upande wa pili wa mbao, Mama Makena na mpishi wake hawakuwa na shaka yoyote. Niliwasikia siku moja wakimenya viazi.

“Gari gani inaharibika kila baada ya Jumamosi mbili, kama mtu anaenda clinic?”

“Huyo anaigusa na bisibisi akifika Igoji. Halafu anakuja hapa na uso ya huruma.”

“Na Karimi anajua?”

“Karimi anajua kabureta tu.”

Wakacheka. Karimi mwenyewe nilikuwa nimeinama pale pale, na nikiri kwamba nilifurahi. Nililitaka liwe kweli. Lakini mimi ni mtu wa kupima, siwezi kuacha jambo bila kulipima, kwa hiyo Jumamosi hiyo nilichukua rangi ya kucha nyekundu nikapaka tone moja juu ya kila skrubu ya kabureta. Mtu yeyote akigusa, rangi ingepasuka. Wiki mbili zile nilizihesabu siku kwa siku. Aliporudi nilifungua boneti kabla hajashuka. Gari lilikuwa linachemka, plagi nyeupe, na matone yangu yote mekundu yalikuwa mazima. Hakugusa kitu. Basi nikapata majonzi mawili kwa wakati mmoja: hakuwa akiliharibu gari ili anione, na kama hakuliharibu yeye, aliyelikosea ni mimi.

Aliyenifumbua macho ni Baba Kinoti, tena akiwa na githeri ya mahindi na maharagwe mdomoni. Nilikuwa nimepanga zile plagi nyeupe juu ya benchi nikizitazama, nimekataa kula. Akauliza hiyo gari inaenda wapi. Nikasema Embu. Akatikisa kichwa.

“Embu ni kama hapa tu. Hewa ni moja. Mwari, ukipika maharagwe Timau inakataa kuiva, ama hujawahi ona? Huko juu hewa ni nyepesi. Chini ni nzito. Wewe umekata jeti ya hapa, ni sawa, umekata vizuri. Lakini hii plagi imeenda chini kabisa. Hii imefika kule ndengu inakaukia kwa shamba.”

“Mbeere?”

“Mbeere. Na si mara moja.” Akatafuna, akameza. “Walimu wa huko wako na mambo mingi.”

Nilikaa. Plagi nane zilikuwa zimeniambia jambo ambalo mwenye gari hakuwa ameniambia, na zilikuwa zimenieleza tangu Februari. Mtu hateremki kwenye jua lile mara mbili kwa mwezi kwa sababu ya mikutano. Na bado, mjinga mimi, nilitafuta sababu nyingine: shangazi mgonjwa, shamba la kununua, mizinga ya asali. Nilikuwa natengeneza visababu vidogo kwa vidole vile vile vyembamba.

Novemba alikuja siku ya katikati ya juma, akakataa chakula, akasimama mbele ya boneti lililofunguliwa. Akasema, “Karimi, mwezi ujao nataka kupeleka ncoolo.” Ncoolo ni kile kifungu cha miraa teule kinachofungwa kwenye majani ya mgomba na kupelekwa nyumbani kwa msichana. Kwa watu wa Igembe, kwao Mutuma, ndiyo hodi ya kwanza ya posa: baba wa msichana akiifungua, amekubali mazungumzo, asipoifungua, mnarudi nayo mkiwa mmetazama chini. Alisema hivyo akanyamaza, akatazama mbali kama kawaida yake. Kimya kile sijui kilichukua muda gani. Mimi ndani yake nilifika hadi kwetu, nikamwona baba akiivuta kamba ya mgomba, nikaona hata kikombe ambacho mama angemwekea Mutuma chai. Kisha akaendelea. “Ni kwa kina Wawira, huko Mbeere. Miraa ikikauka njiani wazee wataona aibu. Hii gari lazima ifike bila kusimama. Nataka ukuje na sisi, uiangalie.”

Nikasema nitakuja. Sikuuliza Wawira ni nani. Niliinama nikashughulikia skrubu ambayo haikuwa na shida yoyote.

Nilitengeneza jeti za pili, za nchi ya chini, zenye matundu makubwa kidogo. Nilizitoboa taratibu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Hilo linanichanganya hata sasa. Nilikuwa na sababu zote za kuboronga, na hakuna ambaye angejua. Lakini tundu la jeti halina siri: ukilikata vibaya unaliona limekatwa vibaya, na mkono wangu ulikataa kulikata vibaya. Labda ilikuwa kiburi. Labda nilitaka gari lifike ili jambo liishe. Labda nilikuwa bado nategemea kwamba tukifika, kitu fulani kingesemwa.

Tuliondoka Kangeta alfajiri ya Desemba, Mutuma kwenye usukani, mimi kando yake na kisanduku cha vifaa magotini, nyuma wazee wawili wenye makoti mazito, mmoja wao mjomba wake, M’Thuranira, aliyeipakata ncoolo kama mtoto mchanga na kuinyunyizia maji kila tulipovuka mto. Barabara ilikuwa ya vumbi, yenye mabonde ya kuteremka hadi daraja na kupanda tena, na gari lile refu lilikuwa likikwaruza tumbo kila kona. Tulipopita Embu na kuanza kuteremka kuelekea kwenye joto, nikamwambia asimame chini ya mgunga. Injini ilikuwa imeanza kugonga. Wazee walibaki ndani na makoti yao. Nilifungua kabureta nikiwa na jeti za chini kwenye kiganja, na Mutuma akanishikia kifuniko. Ningeweza kujifanya tu nazibadilisha, nifunge, niseme tayari, na baada ya maili kumi tungekuwa tumekaa kando ya barabara tukitazama majani yakinyauka. Niliwaza hivyo kwa ukamilifu, nisijidanganye. Kisha nikazifunga za chini, nikazitia za juu mfukoni, na gari likatulia. Mutuma akasema, “Mungu akubariki.” Nilitaka kumpiga na spana.

Tulipofika kwa kina Wawira, boma lilikuwa limefagiliwa hadi likabaki na mistari ya ufagio. Tulikaribishwa kwenye chumba chenye viti vilivyovalishwa vitambaa vilivyofumwa, na M’Thuranira akaweka ncoolo mezani, akakohoa kuanza hotuba yake aliyokuwa ameirudia njia nzima. Lakini baba yake Wawira alikuwa Mmbeere, mtu mkarimu asiyejua lolote kuhusu mambo ya Igembe. Kwao mgeni akija na kapu, mwenye nyumba hulifungua na kushukuru, ili kapu lisirudi tupu. Kabla mjomba hajatamka jina lake, mzee yule aliivuta kamba, akafunua majani, akasema, “Ooh, mmetuletea mboga?”

Wazee wetu walitazamana. Ilikuwa imefunguliwa. Posa ilikuwa imekubaliwa kabla haijaombwa, na hakuna aliyejua kama inahesabika. M’Thuranira alimeza hotuba yake, akaanza kueleza, akajichanganya, akaanza upya. Wenyeji wakacheka kwa adabu, sisi tukacheka kwa hofu. Ndipo mama yake Wawira, aliyekuwa amesimama mlangoni na kunitazama muda wote, akauliza swali lake bila ukali.

“Na huyu msichana mmekuja naye? Ni nani wenu?”

Nilielewa alichokuwa akiuliza. Mwanamke kijana anaposhuka kwenye kiti cha mbele cha gari la mposaji, mama yeyote lazima aulize kama binti yake anaitwa kuwa mke wa pili. Kicheko kikaisha. Wazee wakamtazama Mutuma, nami nikamtazama. Mwaka mzima wa Jumamosi ulikuwa umekaa kwenye ulimi wake, na hakutazama mbali safari hii, alinitazama mimi.

“Ni fundi,” akasema. “Hii gari yote ni mikono yake. Bila yeye hatungefika.”

Mama akapumua, akatabasamu, akasema basi fundi apewe kiti kizuri. Niliketishwa pamoja na wanaume, jambo ambalo sikuwahi kufanyiwa popote. Hakuna mtu aliyewahi kunisema vizuri hivyo mbele ya watu. Nilijivuna, nikaumia, na sikuweza kutenganisha kimoja na kingine, nikabaki nikipapasa zile jeti za juu mfukoni.

Wakati wa chakula Wawira alipita na birika na beseni akituosha mikono. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona karibu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, na mwenye hofu kuliko mimi. Alipofika kwangu alimimina maji polepole, kwa sababu mafuta yalikuwa mengi, akainama akasema kwa sauti ya chini, “Dada, nikisema ndio, kuna kitu yako nitakuwa nimechukua?”

Hakuna aliyeniuliza swali la haki kama lile, wala kabla wala baadaye, na liliulizwa na yeye. Niliwaza nyama zilizowekwa kwenye sahani yangu, na sabuni, na kile kimya cha Novemba nilichokijaza mwenyewe. Niliyatazama maji yakianguka meusi kwenye beseni. Kama kilikuwepo, sikujua jina lake. Kama hakikuwepo, basi nilikuwa nalilia nini?

“Hapana,” nikamwambia.

Aliniamini pale pale. Uso wake ukafunguka, akanipa taulo, akaenda kumwoshea M’Thuranira mikono.